Viti Vyenye Majina

Juzi nilimpeleka bibi ninayemhudumia kusikiliza muziki wa mchana katika jumba la zamani la sinema hapa Columbus. Miguu imemchoka, na watoto wake hunikatia na mimi tiketi ili niwe wa kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilipovuta mlango wa ukumbi, harufu ikanijia usoni kabla sijaona kitu: mahameli iliyozeeka, vumbi lililopashwa joto na mabomba ya mvuke, mafuta ya bisi yaliyoingia kwenye mbao tangu zamani na kukataa kutoka. Nikasimama. Bibi akaniuliza kama nimesahau kitu garini. Nikamwambia hapana.

Muziki ule sikuusikia. Nilikuwa Buffalo, nina miaka kumi, nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi, na baba yuko mistari sita mbele yangu anasukuma fagio. Baba tulimzika majira haya ya baridi. Wakati wa kilio nilihudumia watu, nikapika, nikaosha masufuria, nikawapa wageni mablanketi. Watu wakasema nina nguvu. Sikuwa na nguvu, nilikuwa na kazi. Pale kwenye jumba la sinema sikuwa na kazi yoyote ila kukaa, ndipo mambo yakanirudia.

Sisi Amerika tulipokewa na majumba ya starehe ya watu wengine. Louisville, mji wetu wa kwanza, nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na sinema iliyogeuzwa duka la vyombo vilivyotumika. Juu ya mlango ulibaki ubao mweupe wenye herufi nyeusi za kupachika, ule ambao zamani ulitangaza filamu; siku zetu ulitangaza magodoro. Sofa letu la kwanza lilitoka pale, chini kabisa ambapo sakafu inateremka kuelekea ukutani, na mimi na baba tulilipandisha mlima mdogo ule kama watu wanaotoka mtoni. Columbus, tulikokwenda kwenye arusi za ndugu zetu, kulikuwa na ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Viatu vilishauzwa, ikabaki sakafu laini, na sisi watoto tuliteleza juu yake na soksi mpaka bibi arusi afike, na kwetu bibi arusi hafiki mapema. Kisha baba akasikia kwamba Buffalo kuna kazi katika maghala, tukahamia kule, na kanisa letu lilikuwa linapanga jumba la maonyesho.

Lilikuwa West Side, kwenye kona, kati ya nyumba za mbao zilizoinama kidogo kidogo kila moja upande wake. Mbele lilikuwa na kibanda cha tiketi cha kioo, na ndani yake kanisa lilihifadhi ndoo. Ukumbi wake ulikuwa mkubwa kuliko haja yetu. Roshani ya juu ilifungwa kwa kamba kwa sababu paa lilivuja, na upande mmoja wa chini, karibu na ukuta, hakuna aliyekaa kwa sababu hiyohiyo. Sisi tulijaa katikati, mbele ya jukwaa, watu labda mia na kidogo, tukaimba kwa nguvu ili nafasi iliyobaki isitushinde.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, baba na mimi. Mama alikuwa bado Burundi, katika kambi ya wakimbizi. Wakati wa kuhesabiwa, yeye alikuwa amevuka kurudi Kongo kumwuguza mama yake, basi jina lake halikuingia pamoja na yetu. Sisi tukapata dosie moja, yaani faili moja la kuombea safari ya Amerika, yeye akapata yake baadaye, peke yake. Yetu ikatembea, yake ikakaa. Wakubwa walilizungumza neno hilo, dosie, kama watu wanaozungumza juu ya mgonjwa: leo imeamka kidogo, leo imelala tena. Kila kitu nyumbani kwetu kilimngojea mama. Baba hakununua kitanda kikubwa mpaka aje akichague mwenyewe. Alilala kwenye godoro chini, na mimi kwenye sofa.

Kila Jumamosi mchana tulisafisha ukumbi. Mwenye funguo alikuwa mzee mmoja Mzungu aitwaye Sal, aliyezaliwa mitaa ileile wakati ilipokuwa ya Waitaliano. Alikuja kuwasha joto, na akishawasha hakuondoka. Alikaa mstari wa mwisho na kofia yake ya sufu akaniambia habari za jumba, kwa kuwa baba hakujua Kiingereza cha kutosha na mimi nilikijua cha shuleni. Alisema mwanzoni walikuja watu wa kuruka sarakasi na wachekeshaji, na mbwa waliovaa suruali. Halafu sinema, na kila Jumamosi watoto wa mtaa walijaa wakarushiana bisi mpaka mwanamke mwenye tochi awatoe nje. Mwanamke yule alikuwa mama yake. Halafu watu wakanunua televisheni, wakanunua magari, wakahamia vitongoji vya Cheektowaga na Amherst, jumba likawa la kuchezea bahati nasibu, likawa la mieleka, likafungwa. Mara moja watu wa mtaa walijaribu kulifufua, wakatengeneza viti, likaishi miaka michache. Kisha likafungwa tena mpaka tulipokuja sisi.

"Ninyi mnapiga kelele nzuri," aliniambia. "Jumba hili halijasikia kelele namna hii tangu mbwa wenye suruali."

Viti hivyo vilivyotengenezwa ndivyo nilivyovifuta. Vilikuwa vya mahameli nyekundu, vya kujikunja vyenyewe ukisimama. Na nyuma ya baadhi yake, hasa upande ule wa ukutani ulioachwa, kulikuwa na vibao vidogo vya shaba, kimoja kila kiti, na juu ya kila kibao jina la mtu. Jina tu. Mengi yalikuwa ya Kiitaliano, marefu, ya kuishia na o au i, nikayasoma kwa sauti ndogo nikiyafuta.

Nilijua majina kwenye viti maana yake nini. Nilikuwa nimefundishwa na Mama Furaha. Huyu alikuwa mkubwa wa protokoli wetu, yaani wale wa kupokea watu kanisani na kuwaonyesha pa kukaa, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na kila tulipokuwa na arusi au mkutano alifika mapema na karatasi, kalamu nene na utepe wa gundi. Aliandika jina la mgeni, akalibandika kwenye kiti. Kwaya ya Louisville. Pasta wa Columbus na Mama. Kuanzia hapo kiti kile kilikuwa cha mtu. Mgeni akichelewa saa tatu, kiti kilimngoja saa tatu, hata kama wazee walikuwa wamesimama. Mara moja kijana mmoja alikaa juu ya karatasi akijifanya hakuiona. Mama Furaha alimsimamia mbele.

"Weye njo Pasta wa Columbus?"

"Apana, Mama."

"Bon, simama. Tangu lini unakuwa pasta, ata Zaburi moja haujui?"

Watu wakacheka, na kiti kikabaki kitupu mpaka mwisho wa ibada, maana siku hiyo pasta hakufika. Hakuna aliyekigusa. Nilielewa hivi: jina kwenye kiti ni la mtu ambaye hajafika bado.

Kwa hiyo wale Waitaliano niliwahurumia. Niliona kwamba wamengojewa muda mrefu sana, mpaka karatasi zikachakaa na wenyeji wao wakalazimika kuwaandika kwenye shaba. Nilijua kilichowachelewesha. Dosie zao zimekwama.

Nikafikiri: mama hana kiti popote katika Amerika yote. Labda ndiyo sababu. Jumamosi moja baba alipokwenda kumwaga maji machafu, nilichukua karatasi na kalamu katika boksi la Mama Furaha, nikaandika jina lake, MAMA MAPENDO, kwa herufi kubwa, nikabandika nyuma ya kiti kilichokuwa hakina kibao, katikati ya vile vyenye vibao. Nilitaka awe pamoja na wengine waliokuwa wakingojewa. Sikumwambia baba.

Nilimwambia mama mwenyewe. Tulimpigia kila Jumapili baada ya ibada, baba akaweka sauti ya simu juu na kuiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Riziki, unakula?"

"Ninakula, Mama."

"Baba yako anapika nini?"

"Mayai."

"Kila siku mayai. Nitafika nikute mumeota manyoya."

Baba alicheka akielekeza uso dirishani. Alipotoka kidogo nikaisogelea simu nikasema, "Mama, nimekuwekea kiti kanisani. Iko na jina yako."

"Kiti gani tena?"

"Yako. Hakuna mutu atakaa."

Nikamsikia anacheka polepole. "Iko mbele ao nyuma?"

"Pembeni, karibu ya ukuta."

"Muzuri. Mi sipendi mbele. Batu banaangalia mutu viatu." Halafu akasema, "Uitunze, mama. Nisifike nikasimama."

Aliniita mama, kama wazazi wetu wanavyowaita binti zao wakiwa wanawapenda bila haraka. Jumapili iliyofuata tulizungumza naye tena lakini simu ilikatikakatika, na iliyofuata hiyo haikuita kabisa. Baba alijaribu Jumatatu, akajaribu Jumanne. Mjomba wangu wa Louisville, kaka yake mama, akamwambia kwa simu kwamba tatizo ni mtandao, "Rezo ni mubaya sana kule, shemeji. Usichoke." Baba akarudi kwenye mayai.

Wiki hiyo watu walikuwa wema kwetu kupita kiasi. Jumatano Mama Furaha alileta sombe na fufu, yaani kisamvu na ugali, sufuria zima, akasema ni chakula kilichobaki. Alhamisi mke wa pasta alikuja kunisuka baada ya shule bila mtu kumwomba. Alinisuka vizuri, mistari midogo sana, na mara kwa mara mikono yake ilisimama kichwani mwangu, ikakaa tu pale, kisha ikaendelea. Nilimwuliza kwa nini ananisuka wakati hakuna sikukuu. Akasema mtoto mwanamke lazima awe tayari.

Jumamosi baba aliitwa kazini asubuhi, ghalani Cheektowaga. Saa nne Mama Furaha akanichukua. Nilidhani tunakwenda kusafisha. Tulipokunja kona ya jumba niliona magari mawili makubwa ya kanisa yameegeshwa kwenye theluji, moja lina namba za Kentucky, la Louisville, jingine za Ohio, la Columbus, na kina mama wakishusha masufuria, magunia ya mchele, mikeka. Mjomba alikuwa mlangoni. Safari kutoka Louisville si fupi, na walipitia Columbus kuchukua wengine. Alinikumbatia akanishika muda mrefu, mpaka zipu ya koti lake ikaniumiza shavu.

"Mujomba, munakuja kufanya nini?"

"Kubasalimia," akasema.

Nikajumlisha mwenyewe. Kaka yake mama ametoka Louisville. Ndugu zake mama wametoka Columbus. Nimesukwa. Chakula kimepikwa. Baba hajaambiwa kitu. Na uwanja wa ndege uko hapo Cheektowaga, unaufikia kabla wali haujapoa.

Nilimfuata Mama Furaha aliyekuwa akipanga viti vya plastiki mbele ya jukwaa. "Mama Furaha, mugeni njo nani?"

"Bageni ni bengi, mwanangu."

"Iko mumoja mwenye kukuya na ndege?"

Utepe wa gundi ukamponyoka, ukabingirika chini ya viti. Hakuinama kuuokota. Akasema, akiangalia upande mwingine, "Enda ufute viti, Riziki. Enda."

Kwangu hilo lilikuwa jibu. Siri ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa nimeigundua. Sikumwambia mtu. Nilichukua maji ya moto, nikaosha kiti cha mama juu na chini, nikaosha na viwili vya jirani, kimoja cha baba na kimoja changu, nikakaa changu kujaribu. Ukumbi ulikuwa unapata joto. Kina mama walipika nyuma ya jukwaa, harufu ya vitunguu ilikuja pamoja na ile ya mahameli. Waliongea kwa sauti ya chini, na mimi nikadhani wanaogopa kuharibu siri. Nilipanga jinsi ya kumwonyesha njia ya chooni, jinsi ya kumwambia kwamba kiti kinajikunja asije akaanguka.

Nitalisema kama lilivyo, kwa kuwa sijawahi kulisema: saa zile ndizo saa nilizofurahi kuliko zote katika utoto wangu. Hakuna arusi wala Krismasi iliyozifikia.

Karibu saa saba mzee Sal akaja na funguo zake. Aliwaona watu, akawaona wanawake wamefunga vitambaa viunoni, akavua kofia. Kisha akaniona mimi kule pembeni, akaja kwa kujikokota, akaona karatasi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mama yangu."

Akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, akageuka. "Pole sana, binti. Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwamba mama yako amekufa."

Nikamwambia mama hajafa. Anakuja leo.

Alinitazama. Akatazama jukwaa, akatazama masufuria. Mzee yule alikuwa amezika mtaa mzima, naona alielewa mara moja yale ambayo mimi sikuyaelewa, lakini siku ile nilidhani amechanganyikiwa tu. Akasema polepole, kama mtu anayetafuta pa kushika, "Nilifikiri umeweka jina lake hapa kwa sababu ya hawa." Akagusa vibao kwa kidole. "Hawa wote wamekwenda. Tulipotengeneza viti, kila familia iliandika mtu wake aliyefariki. Huyu alikuwa kinyozi. Huyu hapa ni mama yangu, wa tochi." Akasimama, akaniwekea mkono begani, akaenda alikokuwa Mama Furaha. Niliwaona wanazungumza, yeye kwa Kiingereza, Mama Furaha kwa kutikisa kichwa.

Mimi nilibaki na majina. Nikayatazama mstari mzima, ya kinyozi na ya wengine, watu niliowahurumia kwa dosie zao. Nilikuwa nimemwandika mama kati ya wafu. Niliibandua karatasi, nikaikunja, na kwa kuwa niliogopa kuitupa mahali itakapookotwa, nikaitia mdomoni nikaitafuna. Wino ulikuwa mchungu. Nikaimeza vipande vipande. Nilipomaliza nikajiambia kwamba bado kuna muda, ndege bado iko juu, jina nimeliondoa kabla hajatua.

Saa nane baba akaingia. Alikuwa na kizibao chake cha kazi cha rangi ya machungwa na mfuko wa chakula mkononi. Pasta alikuwa amempigia kwamba bomba limepasuka ukumbini. Nilikuwa nikimngoja mlangoni tangu nilipomeza karatasi, na nilipomwona sikuweza kujizuia tena. Nilimkimbilia nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, Mama anakuya. Bote banamungojea."

Alitazama mbele, kwenye jukwaa, walikosimama mjomba na pasta na wazee wa Columbus. Kisha akaanza kutembea katikati ya viti, haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, mkono wangu ndani ya mkono wake, na alipokaribia alikuwa anatabasamu. Baba alikuwa mtu wa kutabasamu kwa macho. Siku ile alitabasamu kwa meno. Nililiona, na watu wote walioketi pale waliliona.

Kwetu habari ya kifo haitumwi kwa simu. Mtu hapaswi kuipokea akiwa peke yake, amesimama jikoni au kazini katikati ya mashine. Wanaojua wanafunga midomo, wanakusanyika, wanasafiri, wanapika kwanza, wanaweka mikeka, na akishazungukwa pande zote ndipo mkubwa anasema, ili akianguka aangukie mikono ya watu. Ni desturi nzuri. Nimeshiriki ndani yake mara nyingi, nimekaa kwenye magari ya namna ile nikiangalia barabara. Mama alikuwa amefariki Jumatatu, kwa homa. Mjomba alipokuwa akisema rezo ni mbaya, alikuwa ameshajua.

Msichana mmoja mkubwa alitumwa kututoa watoto nje, kwenye chumba cha mbele penye kibanda cha tiketi. Mlango ulipofungwa nilimsikia baba. Haikuwa sauti ya maneno. Kisha kina mama wakaanza wimbo, na wimbo ule niliujua ni wa nini. Msichana aliyetulinda akaniambia tucheze. Nikacheza. Nilicheza mchezo wa kuruka vigae vyeusi, na sikulia. Hakuna aliyekuja kuniambia, kwa kuwa kwetu mtoto haambiwi, anaachwa aelewe kidogokidogo. Mtu wa kwanza aliyenitamkia wazi kwamba mama yangu amekufa alikuwa mwalimu wangu, siku niliyorudi shuleni, kwa Kiingereza, akipiga magoti ili uso wake ulingane na wangu.

Mwaka uliofuata tulihamia hapa Columbus, kwa ndugu. Jumba la Buffalo nasikia limegeuzwa nyumba za kupanga. Hatia ya kiti niliiacha mapema. Nilipofika miaka kumi na minne au kumi na mitano nilikuwa nimeshajua kwamba karatasi haiui mtu, na kwamba alipofariki ilikuwa imekaa pale zaidi ya wiki mbili bila kumdhuru yeyote. Yaliyobaki yalikuwa yale maneno ya mlangoni. Kila mtu alikuwa amejitahidi, watu wametoka miji miwili, wamefunga midomo njia nzima ili baba asipokee habari vibaya, na mimi nikamkimbilia nikamfanya aende kuipokea akicheka. Kila nilipomwona amekaa kimya nilidhani anaikumbuka njia ile katikati ya viti.

Nilimwambia nikiwa na miaka ishirini. Tulikuwa garini nje ya duka la dawa, tukingoja waite namba yake. Alikuwa ameshaanza kuumwa.

"Baba, unakumbuka siku ya kilio ya Mama, kule Buffalo?"

"Ninakumbuka."

"Mi njo nilikuambia anakuya. Pale kwa mulango. Juu yangu ulienda na kucheka mbele ya batu."

Wanawake wawili walipita na kitoroli kilichokuwa na gurudumu bovu, akakiangalia mpaka kikapotea.

"Weye?" akasema. "Apana. Sikia, Riziki. Mi nilishuka kwa basi, nikaona magari ya Kentucky na ya Ohio. Mi ni mutu muzima. Nimeshaenda kwa batu ngapi na gari kama ile? Magari ikikusanyika vile, ninajua inabeba nini. Donc ningejua. Lakini nilisema, bamemuleta. Banataka kunishitusha na furaha. Nilisema vile kwa barabara, mbele ya kufungua mulango. Weye ulinikuta nimeshaamini."

"Kweli, Baba?"

"Enda uangalie kama dawa iko tayari," akasema.

Nikaenda. Dawa haikuwa tayari. Niliporudi alikuwa amefumba macho.

Baba hakuwa mtu wa uongo. Tulipokuwa bado kambini, wakati wa mahojiano, watu wengi walimshauri aseme kwamba mama alikuwepo siku ya kuhesabiwa, ila jina lilisahauliwa. Wengine walisema hivyo na familia zao zikapanda ndege moja. Yeye aliulizwa, akasema hakuwepo. Ndivyo mama alivyobaki nyuma, na baba aliishi na hilo bila kulilaumu wala kulijutia mbele yangu. Kwa hiyo sijui. Mtu ambaye hakuweza kusema uongo ili mke wake aje, sijui kama aliweza kuusema kwa ajili yangu, ndani ya gari, akiangalia kitoroli cha watu. Na kama ni kweli, basi alitembea njia ile na tumaini lake mwenyewe, na mimi nilikuwa mtoto tu aliyemshika mkono.

Nilitaka kumwuliza tena. Mara kadhaa nilikaribia, nikaona amechoka, nikaacha. Nilikuwa nimepanga kumwuliza akipata nafuu.